Kiboko wa Jinja na kiboko cha shule

Vijana wetu hapa Manzese walituuliza swali ambalo hatukulitarajia. Walisikia kwamba nchini Uganda upo uwanja wa gofu ambao kanuni zake zinamtaja kiboko, wakataka kujua kama jambo hilo ni kweli au ni mzaha wa mitandaoni. Ni kweli. Na kwa kuwa ndani ya jibu lake mna funzo linalowahusu wazazi na walimu kuliko hata wachezaji, tumeona tulijibu hapa badala ya kulimaliza barazani.

Wengi wetu gofu tunaiona kwa mbali tu. Hapa Dar es Salaam huchezwa Gymkhana, kule mjini karibu na bahari, na Lugalo, katika uwanja wa Jeshi la Wananchi. Si mchezo wa wanaume peke yao, kwani binti wa Arusha, Madina Iddi, amelipeleka jina la Tanzania katika mashindano ya wanawake nje ya mipaka yetu. Mchezaji hupiga kipira kwa fimbo kuanzia mahali palipotengwa, akaendelea kukifuata na kukipiga hadi kitumbukie katika tundu lenye upana wa milimita 108. Uwanja kamili una mashimo 18, na neno shimo hapa lina maana ya njia nzima, tangu pigo la kwanza hadi kipira kinapotumbukia. Anayemaliza kwa mikwaju michache zaidi ndiye mshindi.

Kanuni za kwanza kuandikwa, 13 tu kwa idadi, zilitungwa Leith, jirani na mji wa Edinburgh huko Scotland, mwaka 1744. Leo zimekuwa kitabu kizima, lakini zote zinasimama juu ya msingi mmoja: kipira hupigwa pale kilipolala. Kikilala pabaya, ubaya huo ni wako, nawe huna budi kuutafutia njia. Msingi huu ni mgumu, na ugumu wake ndio utamu wa mchezo.

Sasa tufike Jinja, mji ulio pale mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Viktoria. Usiku viboko hutoka majini kutafuta malisho, na nyasi za uwanja wa gofu ni malisho mema. Mnyama huyu ana uzito wa zaidi ya tani moja na miguu yenye vidole vinne. Akikanyaga ardhi iliyolowa, huacha shimo ambalo kipira kikiingia hakipigiki kwa fimbo yoyote. Wenye uwanja wakaweka kanuni ya mahali: kipira kilichoingia katika unyayo wa kiboko huinuliwa kwa mkono na kuangushwa kando, wala mchezaji haongezewi mkwaju wa adhabu.

Ng'ambo ya pili ya ziwa hilo, Kisumu nchini Kenya, inanukuliwa sana kanuni ya klabu ya Nyanza ya mwaka 1950. Yenyewe ilimtazama mnyama mwenyewe, si unyayo wake. Kipira kikisimama karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, mchezaji aliruhusiwa kuangusha kipira kingine mahali pa salama, pasipo adhabu, kwa sharti kwamba mahali hapo pasiwe karibu zaidi na shimo.

Watu husoma habari hizi wakacheka, na kicheko hakina ubaya. Lakini tulitazame vema sharti lile la mwisho. Mchezaji haadhibiwi kwa jambo ambalo hakulifanya, na wala hafaidiki nalo. Anarudishwa pale ambapo angekuwa laiti kiboko asingepita, basi. Waliosoma fiqhi watalitambua umbo la hukumu hii: rukhsa humwondolea mtu uzito, haimpi ziada.

Tusidhani kwamba kila taabu ya uwanjani husamehewa. Mombasa iko klabu iliyoanzishwa mwaka 1911, yenye mashimo 9 juu ya majabali yanayoitazama bahari, karibu na mlango wa Kilindini. Hapo upepo wa bahari hukichukua kipira kilichopigwa vizuri ukakipeleka majini. Hakuna kanuni inayomsamehe mchezaji kwa sababu ya upepo. Kipira kilichoanguka baharini hulipiwa mkwaju, kwa kuwa bahari ilikuwapo kabla hajainua fimbo, naye aliiona. Mtu wa pwani hapaswi kushangaa kwamba kusi huvuma.

Ndugu zetu walioishi Ghuba watakumbuka viwanja vya aina nyingine. Kabla ya Emirates Golf Club kufunguliwa Dubai mwaka 1988, gofu ya nchi zile ilichezwa juu ya mchanga mtupu. Pale penye tundu, mahali pa nyasi laini, palimwagwa mchanga uliochanganywa na mafuta ili usipeperuke. Mchezaji alitembea na kipande cha zulia la nyasi bandia. Kipira chake kikiwa ndani ya njia iliyowekewa alama, hukiweka juu ya zulia akakipiga. Kikitoka nje ya njia, zulia hukunjwa, akakipiga mchangani na mawemawe hivyo hivyo. Nafuu ilikuwa haki ya yule aliyebaki njiani.

Yako pia mashimo ambayo ugumu wake umetengenezwa kwa makusudi. Huko Sawgrass, katika jimbo la Florida nchini Marekani, shimo la 17 limezungukwa na maji. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1980. Mchoraji wake, Pete Dye, alichimba mchanga mwingi mahali hapo kwa ajili ya sehemu nyingine za uwanja, na mkewe Alice ndiye aliyetoa wazo la kulijaza maji shimo lililobaki na kuacha kisiwa katikati. Mwendo wake haufiki hata mita 130, na bado inakadiriwa kwamba zaidi ya mipira 100,000 huzama humo kila mwaka. Sun City, Afrika Kusini, katika uwanja uliochorwa na Gary Player, shimo la 13 lina bwawa lenye mamba hai, na aliyepotezea kipira humo hakifuati. Huko huko Afrika Kusini, katika mkoa wa Limpopo, liko shimo ambalo mchezaji hupandishwa mlimani kwa helikopta ili apige kuelekea bondeni, mahali palipokatwa kwa umbo la ramani ya Afrika. Aliyekwenda huko alikwenda kwa hiari yake na kwa nauli yake. Akishindwa, hana wa kumlaumu.

Kutokana na mifano hii tunaona mstari ambao mchezo umeuchora. Kitabu cha kanuni kinachotumika leo duniani, katika kanuni ya 16.2, kinasema mchezaji apewe nafuu bila adhabu iwapo kipira kimelala karibu na mnyama wa hatari, mfano nyoka mwenye sumu au nyuki wakali. Lakini kipira kilicholala katikati ya miiba hakipewi nafuu hiyo, hata kama miiba inachoma. Tena kanuni imeziba mwanya wa wajanja. Ikiwa kipira kimekwama ndani ya kichaka ambamo kisingepigika hata bila nyoka, basi kuonekana kwa nyoka hakumsaidii mchezaji. Asimtumie nyoka kufuta kosa la mkono wake.

Na nani huamua? Mara nyingi hakuna mwamuzi karibu. Mchezaji ndiye shahidi juu ya nafsi yake. Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya Marekani, Bobby Jones alijiandaa kupiga, kipira kikasogea kidogo. Hakuna aliyekiona isipokuwa yeye. Alijihesabia mkwaju wa adhabu, akamaliza sawa na Willie Macfarlane, kisha akashindwa katika marudiano. Alipopongezwa kwa uaminifu wake, husimuliwa kwamba hakupendezwa: aliona ni sawa na kumpongeza mtu kwa kutoiba.

Hapa ndipo tunapotaka kurejea nyumbani. Lugha yetu imempa mnyama wa Jinja na fimbo ya kuchapia jina moja, kwani fimbo ile zamani ilitengenezwa kwa ngozi yake. Huko Jinja kiboko ni sababu ya mtu kuondolewa adhabu. Kwetu, kiboko aghalabu huja kabla ya kuuliza sababu.

Wakati wa mvua za masika, mama mmoja wa mtaa wetu aliwaletea wanakamati shauri lake. Mwanawe anasoma kidato cha pili upande wa Kariakoo, na kila asubuhi hupanda mwendokasi kituo cha Manzese. Sote tunajua Jangwani inavyokuwa ikifurika: barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi husimama, watu huzunguka kwa miguu. Kijana alifika shuleni amelowa hadi magotini, vipindi viwili vimekwisha. Alichapwa pamoja na waliochelewa kwa kulala. Jambo hilo lilijirudia, hadi kijana akasema harudi tena shule. Baba yake alishikilia kwamba fimbo humkomaza mtoto. Mama alishikilia kwamba mwanawe ameonewa.

Tulimwita kijana mwenyewe, tukampa karatasi na kalamu. Tulimwomba aandike siku zote alizochelewa, na mbele ya kila siku aandike sababu, bila ya sisi kusimama nyuma yake. Aliandika siku tano. Tatu zilikuwa za mafuriko. Mbili aliandika kwa mkono wake kwamba alikesha akitazama mpira, akalala kupita kiasi. Mama yake hakulijua hilo. Baba yake aliisoma karatasi mara mbili, akanyamaza.

Barua imekwenda kwa mwalimu wake. Hatukuomba asamehewe zote tano, kwa kuwa hilo lingekuwa kumsogeza karibu na shimo. Tumeomba siku tatu zifutwe katika daftari, na kwa zile mbili apewe kazi ya adhabu ambayo yeye mwenyewe amekwisha kuikubali. Majibu tunayasubiri. Kijana amerudi darasani.

Mzazi anayesamehe kila kitu humlea mtoto anayemtafuta nyoka kila penye kichaka. Mzazi anayeadhibu kila kitu humfundisha mtoto kwamba ukweli hauna faida, maana aliyelowa na aliyelala hulipa sawasawa. Mtoto wa namna hiyo siku ya kuulizwa ataandika mafuriko matano. Yule wetu aliandika matatu, na sisi tunaona hizo mbili alizojihesabia ni mali ambayo shule na nyumba hazina budi kuilinda.

Basi kabla ya kuinua mkono, tuulize kwanza kipira kililala wapi na nani alikifikisha hapo. Wazazi wenye shauri kama hili wasingoje mtoto akatae shule. Wanakamati hukaa kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, na mlango uko wazi kwa kina mama na kina baba. Tukutane juma lijalo, inshaallah.