Usiwalaumu wauza chipsi, chunguza unachoagiza

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize: juzi mchana ulikula wapi? Ikiwa wewe ni mwanafunzi, karani au mfanyabiashara mjini, huenda ulikula kando ya barabara, chakula kikiwa kimefungwa kwa karatasi nawe ukiangalia saa. Usione haya. Mwaka wa 2007 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 2.5 duniani hula chakula cha barabarani kila siku.

Kaka yangu ni mmoja wao. Yeye ni dereva wa matatu kutoka Homa Bay, kupitia Rongo, hadi Migori. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kabla ya uji kuiva, na hurudi watoto wakiwa wamelala. Kwa miaka mingi chakula chake cha mchana kilikuwa kile kile: chipsi, smoki iliyopasuliwa na kutiwa kachumbari, na soda baridi ya kuteremshia. Mwaka jana alikwenda kung'olewa jino. Muuguzi alimpima presha, akarudia kumpima, kisha akamwambia asiondoke kabla ya kumwona daktari. Alikuwa na umri wa miaka 41, na hakuwa amehisi hata maumivu ya kichwa.

Usiku huo mkewe alinipigia simu. "Shemeji, mwambie ndugu yako aache kula huko nje." Nilikubali upesi. Lakini nilipokata simu nilijiuliza: akiacha kula nje, ale wapi? Dereva hawezi kubeba sufuria garini.

Wengi wetu hukimbilia kulaumu "vyakula vya kigeni". Lakini tukianza kuwafukuza wageni mezani, tutabaki na nini? Chapati, bhajia na sambusa asili yake ni Bara Hindi na nchi za Asia, nazo zilisambaa huku bara pamoja na Wahindi waliojenga reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901 na wenye maduka waliowafuata. Chipsi ni za Ulaya. Mjini Migori, karibu na mpaka wa Isebania na Sirare, utaletewa chipsi mayai, chakula kinachopendwa sana upande wa Tanzania.

Hata mgongo wazi, ambao wengi huuona kuwa chakula chetu cha asili, ni zao la biashara ya dunia. Sangara, anayeitwa mbuta kwa Kijaluo, aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950. Viwanda vilipoanza kukata minofu na kuiuza ng'ambo katika miaka ya 1980, kilichobaki ni kichwa na mifupa. Akina mama walivinunua, wakavikaanga, wakawalisha watu na kusomesha watoto. Minofu ilipanda ndege, sisi tukabaki na mgongo.

Kwa hiyo kosa si la mgeni. Kosa liko katika mambo matatu: mafuta, chumvi na sukari, yakija pamoja, kila siku, bila mboga wala matunda. Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa huupa mwili kalori zisizozidi 90 hivi. Kiazi hicho kikigeuzwa chipsi, uzito ule ule hufikia takriban kalori 300. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Smoki huja na chumvi yake kutoka kiwandani, chipsi hunyunyiziwa nyingine, na kachumbari haikosi yake. Soda ya mililita 300 nayo ina sukari inayozidi gramu 30.

Matokeo yake hayana kelele. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Si chipsi peke yake zilizoleta hali hiyo, lakini chumvi nyingi na unene ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa.

Sasa turudi kwa swali la shemeji. Jibu nililipata nilipoandamana na kaka siku moja. Hatua chache kutoka kwa karai la chipsi pale steji, mama mmoja alikuwa ameketi na sufuria ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, iliyofunikwa vizuri. Mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja hukamilishana kwa protini. Kando yake palikuwa na ndizi mbivu na njugu. Kabondo nako husifika kwa viazi vitamu, na vile vya rangi ya chungwa vina vitamini A. Vibandani Homa Bay utapata omena, ambao kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, huupa mwili madini ya kalsiamu, pamoja na ugali na mrenda au mnavu. Hiki nacho ni chakula cha barabarani! Tumekuwa tukikipita kwa sababu tunakiona cha kijijini.

Nawe mpenzi wa chipsi, sikuambii uziache kabisa. Zifanye za siku moja moja. Omba chumvi iwekwe kidogo. Tazama karai: mafuta yaliyotumika mara nyingi huwa meusi, mazito, na hutoa povu na moshi. Ukiyaona hivyo, pita. Kula kilicho moto, na kachumbari iliyoachwa wazi kwa nzi iache hapo hapo. Mwambie muuzaji unachotaka bila kumdharau, kwani karo ya watoto wake imo katika karai hilo. Yeye huuza tunachoagiza. Tukiagiza kingine, kesho atakipika.

Kaka yangu sasa hula nyoyo Rongo na hunywa maji. Chipsi amezihifadhi kwa Jumamosi pamoja na watoto. Presha imeshuka, lakini dawa bado anameza kila siku kama alivyoagizwa, maana chakula kizuri hakichukui nafasi ya daktari.

Wiki hii, msomaji wangu, ukipita karibu na zahanati, ingia upimwe. Ni kazi ya dakika chache. Kaka yangu alipimwa kwa bahati ya jino bovu. Wewe usingoje jino likuume.