Kisu Kinaweza Kusubiri, Maswali Hayasubiri

Mwezi huu nawaletea mada ambayo wengi wetu tunainong'ona saluni tu: operesheni ya kupanga. Siongelei ajali wala mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku wa manane, maana hiyo haina mjadala. Naongelea ile ambayo daktari anakwambia, "Tutakupasua, ila si leo." Ngiri, tezi la shingo, na kwa sisi akina dada, faibroidi, yaani uvimbe kwenye mfuko wa uzazi.

Mimi yangu ilikuwa faibroidi. Nina miaka 34, ndoa ina miaka minne, mtoto bado. Siku zangu zilikuwa zinakwenda hadi siku tisa, na nikipanda ngazi za ofisini moyo unadunda kama ngoma. Nikaenda hospitali moja binafsi, jina naliacha. Nikapigwa ultrasound, ukaonekana uvimbe wa aina tatu tofauti kwa ukubwa, na kabla hata sijafunga zipu ya sketi nikaulizwa bima yangu ni ipi. Daktari akaitazama kadi, akasema, "Mama, tutoe kizazi chote. Alhamisi kuna nafasi."

Mwenzangu akauliza swali moja tu: "Daktari, tukisubiri wiki mbili kuna hatari gani?" Jibu likawa, hakuna hatari ya haraka. Basi tukashukuru, tukaaga, tukaanza kujifunza. Tuliyojifunza ndiyo haya.

Vipimo: uliza kinatafuta nini

Shoga, wingi wa vipimo si ubora wa matibabu. Kipimo cha maana ni kile ambacho majibu yake yanabadilisha uamuzi. Kila ukiandikiwa kimoja, uliza: "Majibu yakitoka hivi tutafanya nini, na yakitoka vile?" Kama jibu ni lilelile, uliza tena kwa nini unakilipia.

Kwa faibroidi, ultrasound ndiyo kipimo cha kwanza. MRI ni ghali na si lazima kwa kila mtu, ila inasaidia pale daktari anapohitaji ramani kamili ya uvimbe ulipo. Na mahali ulipo ndipo penye habari yote. Uvimbe ulio nje ya kizazi unaweza kukaa miaka usikusumbue, wakati mdogo tu uliochungulia ndani ya mfuko unakumwagisha damu kila mwezi. Faibroidi nyingi si saratani, na zisizo na dalili mara nyingi huachwa, zinafuatiliwa tu.

Kipimo ambacho hakina mjadala ni cha wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu. Mimi nilikuwa na 8.4. Jamani, Alhamisi ile ningeingia chumba cha upasuaji na damu nusu tangi! Kingine ni kundi la damu, ili iwekwe akiba, na ndugu wa kuchangia wajulikane mapema.

Bingwa: wawili si wengi

Kuna watu wanaogopa kutafuta maoni ya daktari wa pili, eti wa kwanza atanuna. Mbona gari ukiambiwa injini imekufa unapeleka kwa fundi mwingine? Chukua majibu yako na picha zako, ni haki yako, nenda nazo.

Bingwa wa pili alichukua karatasi akatuchorea. Njia zilikuwa zaidi ya moja: dawa za kupunguza damu, kutoa uvimbe na kuacha kizazi, au kutoa kizazi chote. Kila moja akaitaja na kasoro yake. Ukiacha kizazi, uvimbe unaweza kuota tena, na mimba ikija huenda ukajifungua kwa kisu. Ukitoa kizazi, faibroidi basi, na mimba basi. Akasema uamuzi ni wetu, yeye kazi yake ni kutueleza. Hapo ndipo nilipopumua.

Muulize bingwa wako operesheni kama hiyo amefanya mara ngapi, nani atakupa usingizi, na ukizidiwa utapelekwa wapi. Tanzania Bara madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa hiyo kuulizia usajili si utovu wa adabu.

Bima: kadi si kibali

NHIF imekuwepo tangu 2001, bima binafsi zipo tele, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Safi kabisa. Lakini kuwa na kadi ni kitu kimoja, na operesheni yako kulipiwa ni kitu kingine.

Piga simu kabla ya tarehe. Uliza kama kibali kinatakiwa, kama hospitali hiyo na bingwa huyo wamo kwenye orodha, ukomo wako ni shilingi ngapi, na kama ugonjwa ulioanza kabla hujajiunga una kipindi cha kusubiri. Majibu yaje kwa maandishi. Halafu uliza vile vidogo vinavyouma: siku za kitanda, kipimo cha maabara cha uvimbe uliotolewa, dawa za nyumbani, na kliniki ya marudio.

Na kazi je? Sheria ya kazi ya Tanzania Bara inampa mwajiririwa siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Kupasuliwa tumbo hutaka kama wiki nne hadi sita za kupona. Usirudi ofisini wiki ya pili ili uonekane jembe.

Wawili chumbani

Sasa hii ndiyo ngumu. Bingwa alituambia wazi kwamba damu ikigoma kukata mezani, anaweza kulazimika kutoa kizazi ili aniokoe. Fomu ya ridhaa inasema hivyo, na unasaini mapema. Usiku ule tulizima televisheni. Nikamuuliza, "Ikitokea?" Akanyamaza sana, kisha akasema, "Nirudishiwe wewe. Mengine tutayaongea tukiwa wawili." Mama mkwe alikuwa na ushauri wake wa mitishamba, na aliyemjibu kwa heshima ni mwanawe, si mimi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nilimeza vidonge vya madini ya chuma wiki kumi, damu ikafika 11.6, ndipo nikapasuliwa. Uvimbe ulitoka, kizazi kimebaki. Mtoto bado, na hakuna aliyetuahidi. Ila kila tulichokiamua tulikielewa.

Akina kaka, mwezi huu kazi yenu ni moja: mwenzio akienda kwa daktari, ingia naye ndani, kalamu mkononi. Kubaki kwenye gari ukichati hakuhesabiki.

Tukutane mwezi ujao!