Kabla ya Kumshitaki Kijana wa Zamu

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliotutangulia hapa,

Karatasi zikikwama katika printa, swali letu la kwanza huwa: nani aliigusa mwisho? Mimi naona swali hilo si la haki. Printa nyingi za ofisini huweka kumbukumbu za makosa yao. Tafuta sehemu ya taarifa, uichapishe. Utaona kila kosa kwa namba yake, na kando yake hesabu ya kurasa zilizokuwa zimekwisha kuchapwa lilipotokea.

Hesabu hiyo ndiyo yenye thamani, ingawa wengi huipita. Katika HP LaserJet, namba ianzayo na 13 ni karatasi kukwama. Ikionekana mara moja katika kurasa 5,000, si neno. Ikirudi kila baada ya kurasa 30, itazame rola ya mpira ivutayo karatasi. Pengine imelika, au ni vumbi tu. Namba 50 yahusu chombo cha joto kinachoshikiza wino. Hapo mwite fundi. Lakini 49 mara nyingi huletwa na kazi iliyotumwa: iondoe katika foleni, uzime, uwashe. Fundi wa nini?

Basi naomba kijana wa zamu aandike hesabu ya kurasa kila apokeapo zamu. Akishitakiwa wiki ya mitihani, na kumbukumbu zaonyesha 13 zilianza kurasa 2,000 kabla yake, nani atamwadhibu? Wala mtu asizifute kabla fundi hajaziona.