Maktaba Isiyo na Mkutubi ni Stoo



Haki ya kusoma ni pacha wa haki ya kupiga kura. Mwananchi asiyeweza kuisoma bajeti kwa macho yake husomewa na mwingine, na anayekusomea aweza kukuruka ukurasa. Ndiyo maana twaleta mbele yenu jambo ambalo wengi huliona dogo: maktaba za shule za Lodwar na Kakuma.

Mpango wa elimu ya msingi bila malipo ulipoanza Januari 2003, Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Shilingi 650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kufundishia. 370 zilikuwa za ukarabati, maji, stima na mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Baadaye mgao huo ulipandishwa hadi shilingi 1,420, lakini msingi ulibaki ule ule: fedha hufuata hesabu ya vichwa.

Natupige hesabu. Kwa kipimo cha 2003, shule ya watoto 200 ilipata shilingi 74,000 za matumizi hayo mengine kwa mwaka mzima. Hata kama ingemnyima mlinzi mshahara na kuliacha paa livuje, ingeweza kumlipa mkutubi shilingi elfu sita na kidogo kwa mwezi. Shule ya mjini yenye watoto 1,200 ilipata mara sita ya hizo. Kanuni ni moja, lakini mzigo si mmoja.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeiachia Bodi ya Usimamizi ya kila shule jukumu la kuwaajiri na kuwalipa wafanyakazi wasio walimu. Bodi maskini hufanya nini? Humkabidhi mwalimu ufunguo. Mwalimu akiwa darasani, maktaba imefungwa. Ni kweli kwamba tangu 2018 Serikali imenunua yenyewe vitabu vya kiada na kuvifikisha shuleni, na hilo twalishukuru. Lakini mtoto hujengwa pia na hadithi, kamusi na magazeti, na mtu wa kumwelekeza kwavyo. Tena Katiba ya 2010 imezipa kaunti maktaba, na Serikali ya Kitaifa shule za msingi na za sekondari. Maktaba ya shule imeangukia katikati, kila upande ukiunyoshea mwingine kidole.

Katika Turkana, hesabu yenyewe ya vichwa ina kasoro. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulizihamisha familia pamoja na mifugo. Usajili wa wanafunzi kwa kompyuta, ulioanza 2017, ulidai cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa malishoni, mbali na hospitali, atakitoa wapi? Huketi darasani, lakini mgao wake haupo.

Huko Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, kuna kambi ya wakimbizi tangu 1992. Shule za kambini hutegemea zaidi fedha za UNHCR na washirika wake. Shule za wenyeji hutegemea Serikali. Watoto hukutana sokoni, lakini hawakutani kwenye rafu moja ya vitabu.

Wapo wasemao: chakula na madawati kwanza, vitabu vitangoje. Neno hilo "ngojeni" twalijua. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye ardhi nzuri na mvua nyingi, na kaskazini ikaambiwa ingoje. Lakini mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Palipo na nia na fungu la fedha, vitabu hutembea hata jangwani.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila shule ya umma ipewe fungu la maktaba kabla ya vichwa kuhesabiwa. Pili, mkutubi awe mtumishi anayelipwa na Serikali, hata akihudumia shule tatu au nne za jirani. Tatu, Serikali ya Kitaifa na ya Kaunti ziafikiane kwa maandishi nani atagharimia maktaba zitakazowafungulia milango mwenyeji na mkimbizi pia.

Waumini na wanaharakati, kazi ni yetu. Ombeni bodi za shule ziwasomee wazazi hesabu hadharani. Na watakaokuja kuomba kura mwaka 2027 waulizwe: mkutubi wetu yuko wapi? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.