Kipya Hakijajaribiwa



Leo nina hoja moja tu, na najua kuna watakaosema nakuza mambo madogo. Nasema hivi: kitu kipya kinahitaji kukaguliwa kuliko mtumba. Ndiyo, umesoma vizuri. Kipya.

Angalia tunavyonunua vitu. Kijana wa Dar akienda yadi kutafuta gari iliyokwishatumika Japani, anaongozana na fundi wake. Fundi atainama uvunguni, atanusa oili, ataomba injini iwashwe ikiwa bado ya baridi, kisha atataka kuzunguka nayo mtaa mzima. Hata tisheti ya mtumba pale Karume tunaivuta mishono na kuiinua juani kabla ya kutoa hela. Sasa mpeleke kijana huyohuyo akanunue kitu kipya, chenye nailoni kwenye siti na harufu ya rangi. Anapiga picha. Anaituma kwenye grupu. Basi, biashara imekwisha.

Wakati ukweli uko kinyume kabisa. Gari iliyotembea miaka minane Yokohama imeshajaribiwa na mtu mwingine. Nati iliyosahauliwa kukazwa kiwandani ilishalegea zamani, ikaonekana, ikakazwa. Kipya hakijajaribiwa na mtu yeyote, mtu wa kwanza kukijaribu ni wewe. Wahandisi wana mchoro wao wenye umbo la beseni: kasoro nyingi mwanzoni, zinapungua katikati, halafu zinapanda tena uzeeni. Sisi tunaogopa uzee peke yake. Ule ukingo wa mwanzo wa beseni hatuna habari nao.

Kilichonifanya niandike haya ni tela. Kuna kikundi cha wakulima 22 pale Mpapura, Mtwara Vijijini, ambacho mjomba wangu ni katibu wake. Baada ya kuchangishana hela za korosho misimu kadhaa, waliamua kununua pawatila mpya na tela lake. Kwa mnaoishi Sinza na Mikocheni na hamjawahi kuiona: pawatila ni ile mashine ya magurudumu mawili inayolimia, dereva anaishika mikono kama jembe la ng'ombe. Ukiifunga tela nyuma inageuka kuwa usafiri. Kijijini tela ndilo lenye kazi zaidi kuliko jembe lenyewe. Linabeba salfa ya kupulizia mikorosho, linapeleka magunia ghalani, linabeba maji, tofali, mchanga. Na tusidanganyane, linabeba watu pia: wanaokwenda msibani, ngoma ya harusi, mama mjamzito usiku. Halikutengenezwa kwa ajili hiyo, lakini ndivyo maisha yalivyo. Kwa hiyo tela likichomoka kwenye mteremko, tunazungumzia jambo jingine kabisa, siyo hasara ya chuma.

Mjomba alinipigia simu niende naye dukani mjini Mtwara, kwa imani yake kwamba mwandishi wa habari anajua kila kitu. Nikamwambia, "Mjomba, mimi najua kuuliza maswali tu. Tutafute fundi." Tukampata mzee mmoja anayetengeneza matrekta, mtu wa maneno machache. Kwa shilingi elfu thelathini na chai akakubali kuja.

Muuzaji alituangalia kama watu waliokuja kumfanyia upekuzi. "Mzee wangu," akamwambia mjomba kwa upole kabisa, "hii ni mpya. Mnakagua nini?"

Hilo swali linanirudia kichwani hadi leo, kwa sababu wengi wetu tungeona aibu na kuondoka. Fundi hakujibu. Alitoa kamba mfukoni, akaifunga kwenye tundu la pini ya kuunganishia, akaivuta mpaka gurudumu la kushoto, akaweka alama, kisha akaipeleka gurudumu la kulia. Zilipishana vidole vitatu. Maana yake ekseli imekaa upande. Tela la namna hiyo litatembea kama kaa, litakula tairi, na dereva atashinda anapambana na mikono ya pawatila bila kujua kwa nini anachoka.

Akaja kwenye chuma kirefu cha mbele, kile kinachobeba mvuto wote. Rangi ilikuwa safi, nyekundu, inang'aa. Akapitisha ukucha kwenye sehemu iliyochomelewa, akagongagonga kwa nyundo ndogo, rangi ikapukutika. Chini yake kulikuwa na vitundu kama vya kitumbua, na upande wa chini, ambao huwezi kuuona bila kulala chali, mtu alichomelea nusu akaacha. Rangi ndiyo iliyokuwa inashikilia heshima ya pale mahali.

Kisha jeki. Gurudumu likiwa hewani alilishika juu na chini, akalitikisa, likacheza. Alipofungua kifuniko cha beringi, ndani mlikuwa kukavu, grisi ya kupaka kwa kidole tu. Nati za gurudumu, tatu zilizunguka kwa spana bila yeye kukaza msuli. Na tairi! Hapa nilijifunza kitu ambacho kila mwenye chombo cha magurudumu anapaswa kukijua. Ubavuni mwa tairi huwa kuna namba nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2318, tairi hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tela letu "jipya" lilikuwa na tairi mbili zilizopishana miaka mitano. Moja ilikaa stoo mahali mpaka mpira ukaanza kuota nyufa nyembamba kama nyayo za mkulima.

Mashine yenyewe haikuwa na tatizo kubwa, nisiwe mwongo. Oili ya injini ilikuwepo, ya gia boksi ilikuwa pungufu, mikanda imelegea kidogo. Mambo ya dakika ishirini.

Sasa kasoro hizi zilitoka wapi kwenye kitu kipya? Nilidhani kiwandani, fundi akacheka. Mashine husafiri ikiwa vipandevipande kwenye kasha la mbao. Tela mara nyingi linachomelewa hukuhuku kwetu. Anayeviunganisha ni kijana wa duka, nyuma ya stoo, analipwa kwa idadi ya mashine, na jioni anataka kwenda nyumbani. Hakuna ubaya kwa huyo kijana. Lakini cheti cha ubora wa aina ile ya mashine hakiwezi kukuambia kama jana saa kumi na moja jioni alikumbuka kutia grisi.

Halafu likaja suala la karatasi. Hati ya kupokelea mzigo ilikuwa imeshachapwa, na ina mstari unaosema mali imepokelewa ikiwa katika hali nzuri. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa ameshashika kalamu kabla hata jeki haijashuka! Nilimwelewa. Wanachama walikuwa wanasubiri Mpapura, ng'oma zimeshawekwa sawa, na muuzaji anakuita mzee wangu kila sentensi. Kusema "bado" mbele ya mtu mwenye adabu hivyo kunahitaji moyo.

Ila sheria iko upande wa anayesema "bado." Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi aliyeletewa bidhaa ambayo hakuwahi kuikagua hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuiangalia, na akiomba nafasi hiyo muuzaji anatakiwa kumpa. Kwa hiyo kukagua siyo ukorofi, ni haki yako. Ukishakubali mali mambo yanabadilika: kwa kawaida unabaki na madai ya fidia, siyo haki ya kuirudisha. Na kuna kifungu kingine ambacho mimi nakiona kama mtego. Sheria inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora wa kuuzika, lakini kama uliikagua mwenyewe, kinga hiyo haigusi kasoro ambazo ukaguzi wako ulipaswa kuzigundua. Maana yake ukaguzi wa kuzunguka tela mara moja ukipiga tairi teke unaweza kukuumiza. Ukikagua, kagua kweli.

Wenzetu Marekani wanayo matela ya aina nyingine, nyumba nzima yenye kitanda, jiko, choo na mabomba, inayokokotwa na gari kwenda mapumzikoni. Huko nako mtu akinunua jipya anashauriwa asisaini mpaka amefungua kila bomba, amevuta kila droo, ameangalia paa kama linavuja, na ikiwezekana alale humo usiku mmoja karibu na duka. Kuna wakaguzi wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Na baada ya kilomita mia za kwanza anakaza tena nati za magurudumu, kwa sababu nati za chombo kipya hulegea zinapojikalia. Gari mbovu wao wanaiita limau. Mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya kumlinda aliyeuziwa limau jipya, majimbo mengine yakafuata. Mchumi George Akerlof alishaandika juu ya soko la malimau mwaka 1970, kwamba tatizo ni muuzaji kujua asichokijua mnunuzi, na mwaka 2001 akawa miongoni mwa watatu waliopewa Nobel. Kwenye duka letu la Mtwara hata muuzaji mwenyewe nadhani hakuwa anajua. Hakuna aliyewahi kulala chali chini ya lile tela!

Turudi kwetu, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2009 Rais Kikwete alizindua Kilimo Kwanza pale Dodoma, na katika miaka iliyofuata pawatila zikasambazwa kwenye halmashauri kwa wingi. Tafuteni picha za wakati ule. Utepe, mheshimiwa juu ya mashine, makofi, mashine zimepangwa mstari zinang'aa. Waandishi walionitangulia walizipiga picha hizo, na zinapendeza. Baadaye malalamiko yakaja kwamba nyingine ni dhaifu, nyingine hazifai kwenye udongo mgumu, vipuri hakuna, na nyingi zikaishia kubeba mizigo au kuegeshwa chini ya miembe. Sababu zilikuwa nyingi na sitaki kuzibebesha zote nati moja. Lakini niambie, katika picha zile zote, umewahi kumwona fundi akiwa ameinama na spana kabla utepe haujakatwa? Mali ya mtu mmoja ina jicho la mwenyewe. Mali ya watu 22, au ya halmashauri nzima, inapokelewa na mwenye cheo, na mwenye cheo hawezi kulala chali kwenye vumbi na suti yake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji semina. Vyama vya msingi, vikundi, halmashauri, shule, yeyote anayenunua chombo cha magurudumu kwa hela ya wengi, aweke sharti kwamba saini ya fundi inatangulia saini ya mwenyekiti. Fundi awe wa mnunuzi, siyo wa duka. Ukaguzi ufanyike mchana, na tela livutwe likiwa na mzigo, siyo tupu, halafu mtu aguse vitovu vya magurudumu kwa mkono. Kilichopata moto kuliko mwenzake kina jambo la kusema. Namba ya injini na ya chasisi zilinganishwe na karatasi. Hela ya mwisho ibaki mfukoni mpaka hapo. Muuzaji mwaminifu hatanuna, maana nati inayochomoka kijijini inamrudia yeye kwa jina.

Na kweli wa kwetu hakununa sana. Kulikuwa na maneno mawili matatu, kisha akaita vijana wake. Chuma kikachomelewa upya, ekseli ikanyooshwa, beringi zikatiwa grisi, tairi moja ikabadilishwa. Ilichukua siku tisa. Mwenyekiti alisaini siku ya kumi. Tela lilipofika Mpapura, mjomba alizipitia nati tena kwa spana aliyoinunua njiani, na mbili zilikubali kukazwa zaidi.

Kilichobaki ni ile elfu thelathini ya fundi. Kwenye kikao baadhi ya wanachama wamesema mjomba alimwita fundi bila idhini, hivyo alipe mwenyewe, na siku tisa za kukosa tela nazo zihesabiwe. Wengine wanasema itoke kwenye sanduku la kikundi. Mimi siyo mwanachama, sina kura pale, lakini kama kuna mtu wa Mpapura anasoma hapa: itoke kwenye sanduku, na iandikwe kwenye muhtasari kama gharama ya kununulia, palepale chini ya bei ya tela.