Tamathali pekee hazitatupa watunzi

Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za shule ya upili anaujua mwanzo huu: jua limechomoza, ndege wanaimba, na mhusika aliyeamka hivi punde anajinyoosha kitandani. Kisa kiwe cha ajali, wizi au harusi, mapambazuko ni yale yale. Mwanafunzi ameyakariri, na mwalimu humtuza alama kwa kuwa lugha ina mvuto.

Hapo ndipo tunapokosea. Tamathali za usemi ni viungo, na viungo bila chakula havishibishi. Kisa hujengwa na mtu anayetaka jambo, kizuizi kilicho mbele yake, na uamuzi wenye gharama. Katika Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, msomaji hushikwa na Kongowea anayemtafuta baba yake. Mapambo ya lugha humfuata yeye, hayamtangulii.

Huenda nikaambiwa kwamba karatasi ya insha ya KCSE haina nafasi ya ubunifu: insha 2, kila moja maneno 400, kwa saa 1 na dakika 45. Naam, mtihani hauwezi kumzaa mtunzi. Lakini miaka ya masomo ina wasaa, na riwaya tunazo. Ila tunazisoma ili tuorodheshe maudhui na sifa za wahusika, kisha tunazifunga.

Hebu tujaribu njia nyingine. Wanafunzi wakisha kusoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, waandike upya tukio moja kwa sauti ya Maksuudi, baba yule mkali, akijieleza katika nafsi ya kwanza. Watagundua kwamba dhalimu hajioni dhalimu, na kwamba msimulizi akibadilika, ukweli unaoonekana nao hubadilika. Wiki ifuatayo waandike tena bila kumtaja kuwa mkali. Ukali wake udhihirike kwa atendayo na kwa yale anayoyanyamazia. Mara ya tatu wapunguze thuluthi moja ya maneno. Mwalimu naye aulize maswali, asiishie kutia wino mwekundu penye makosa ya tahajia.

Kazi hii ni nzito kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika. Basi na aifanye mara moja tu kwa muhula. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Tusipoanza, tutazidi kupata watahiniwa hodari wa kupamba mapambazuko, ilhali fasihi yetu inangoja watakaoisimulia siku yenyewe.