Sura ya Kurudi Nyumbani

Wapenzi wa The Lord of the Rings bado wanagombana juu ya Tom Bombadil, yule mzee wa msituni ambaye Peter Jackson hakumpa nafasi katika filamu zake. Mimi naulizia sura nyingine, ya karibu na mwisho wa juzuu la tatu, lililotoka 1955. Hobiti wanne wanarudi kwao Shire wakidhani vita vimekwisha. Wanakuta miti imekatwa, mto umechafuliwa, moshi umetanda palipokuwa na bustani, na mkubwa wa uharibifu wote huo ni mchawi Saruman. Inabidi wapigane tena, safari hii nyumbani. Katika filamu ya 2003 wanarudi, wanakuta kila kitu kama walivyokiacha, wanakunywa bia. Kilichosalia cha sura ile ni picha ya kupita tu katika filamu ya kwanza, ndani ya kioo cha Galadriel.

Anayeisoma sura hiyo akiwa hapa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haoni njozi. Katika mtaa wetu wa Kasulo, kuanzia 2014, watu walichimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao. Miaka mitatu baadaye sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na wenyeji wakahamishwa. Kwa hiyo, kitabu kinapogeuzwa filamu, sihesabu wahusika walioachwa. Natazama kama kamera ilibaki na wenye nyumba baada ya mashujaa kushinda.

Mji wetu una kisa chake. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, waasi wa Kikongo, waliuteka Kolwezi. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa wakashuka. Pierre Sergent, aliyewahi kuwa ofisa wa Lejioni hiyo, aliandika kitabu, na 1980 Raoul Coutard akakifanya filamu, La Légion saute sur Kolwezi, akiwa na Bruno Cremer na Mimsy Farmer. Picha zilipigwa Guyana ya Kifaransa, ng'ambo ya Atlantiki. Anayeijua Mei ya kwetu, na majani marefu yaliyoanza kukauka, vichuguu vyekundu na baridi ya alfajiri, anajua mara moja kwamba ardhi ile ni ya ugenini. Hilo nalisamehe, New Zealand nayo si Shire. Nisichosamehe ni kwamba hadithi imekuwa ya Wazungu kuokolewa na Wazungu, wakati waliokufa wengi zaidi siku zile walikuwa wenyeji.

Na kitabu cha waliobaki kipo. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyetutoka Aprili 2025, alichapisha riwaya ya Shaba deux mwaka 1989. Ni madaftari ya Mama Marie-Gertrude, mtawa Mwafrika katika nyumba ya watawa ya Kolwezi siku za vita hivyo. Masista wa Ulaya wanaondoka, yeye anabaki. Hatuvitazami vita kutoka angani. Tunavisoma siku baada ya siku, kutoka ndani ya nyumba, kwa mkono wa mtu ambaye hakuna ndege iliyotumwa kumchukua.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba daftari la mtawa halifai kwa sinema, kwa sababu ni sala na mawazo. Sikubali. Mwaka 2017 filamu ya Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wakosoaji huko Cannes, na ndani yake mna nini? Mwanamume anakata mti, anachoma makaa, anafunga magunia juu ya baiskeli mpaka haionekani, kisha anaisukuma hadi Kolwezi. Kamera inatembea kando yake, inamsubiri anapohema, na mtazamaji habanduki. Ikiwa barabara na baiskeli vilitosha, mwanamke aliyeachwa peke yake na kalamu katikati ya vita atatosha pia.

Kwa toleo hili tumewaomba waandishi wetu wachague kila mmoja kitabu cha ukanda huu wa shaba na kuandika onyesho moja la filamu yake, wakianzia pale ambapo ndege ya mwisho imeshaondoka.